Mtungi Unaoitwa Shahidi

Aprili 7
Nesi Chepkorir wa kliniki ameniambia niandike kila siku miguu yangu imeamkaje. Imevimba au haijavimba, inauma au haiumi, na nilifanya kazi gani. Nikamwambia nimesoma mpaka darasa la nne tu. Akasema darasa la nne linatosha kuandika neno "imevimba". Ana mdomo huyo msichana. Haya. Imevimba.

Aprili 8
Imevimba.

Aprili 9
Imevimba. Kwani nesi alidhani itafanya nini? Mtu anasimama ndani ya mto Sosiani tangu kukicha mpaka mchana, maji ya baridi yakimfika gotini, halafu miguu yake ikonde kama ya ndege? Sisi tunaosha karoti. Lori la Kipkirui huzitoa Timboroa na udongo wake wote, zinamwagwa ukingoni, tunazitia ndani ya gunia, tunaingia nalo majini, tunakanyaga na kusugua mpaka zing'ae. Karoti zote unazoziona zikimetameta kwa meza za mama mboga hapa mjini zimepita chini ya unyayo wa mwanamke. Asiyependa kusikia hivyo ale kabeji.

Aprili 12
Miguu vilevile. Mvua ilianza tukiwa majini.

Niseme habari ya jiwe, maana nesi aliuliza kwa nini sihami mahali pakavu. Jiwe langu liko chini kidogo ya daraja, pana kama meza, na maji hapo hayana haraka. Nililipata nikiwa na mwanangu Khisa mgongoni. Khisa tumemzika, lakini mke wake Nekoye niko naye, anafanya kazi kando yangu, na watoto wake wawili wanakula kutoka kwa hilo jiwe. Siku miguu itakapokataa kabisa, jiwe ni la Nekoye. Sijamwambia. Akijua ataanza kulegea, na tayari anaosha karoti kama mtu anayempapasa paka.

Aprili 15
Imevimba kidogo. Waiyego, ambaye jiwe lake limepakana na langu na ambaye mdomo wake haujui kupumzika, amemtangazia Kipkirui kwamba naandika kitabu.

"Mama Khisa siku hizi ni mwandishi! Andika huko kwamba mimi ni mrembo."

Nimeandika. Ana meno manne.

Aprili 22
Mvua kubwa. Mto umekuwa kama chai. Watu wa afya watakuja, huja kila mwaka mvua ikichanganya, wakisema sisi ndio tunaleta ugonjwa wa kuhara. Mwaka mmoja walimwaga karoti zetu zote na kupasua beseni. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyeweka sheria ukingoni: ukiulizwa maji, sema mfereji, yaani ya bomba. Hakuna mambo ya "mara nyingine" wala "inategemea". Mfereji.

Na kuna Shahidi. Shahidi ni mtungi wa manjano, lita ishirini, tuliujaza kwa bomba la kanisa na kuusimamisha juu ya jiwe mahali mtu anapouona akishuka. Maji yake hayajawahi kugusa karoti. Kazi yake ni kuonekana. Akija mtu wa afya, namwonyesha Shahidi, anaonja, anaandika, anaenda. Maji yakianza kunuka tunabadilisha.

Nesi akisoma hapa anyamaze. Yeye ni wa miguu.

Aprili 23
Imevimba.

Mei 2
Imevimba. Wameonekana watu wakipigilia vijiti vyekundu kutoka darajani mpaka kwa hoteli ya Lawrence. Kila mtu anajua kijiti chekundu ni nini: ni kuhamishwa. Zamani huku mtoni ilikuwa mahali pa kutupa mbwa aliyekufa. Sasa mji umekuwa jiji, matajiri wamegundua kwamba maji yanapendeza kutazama, na ardhi ya ukingoni inatafutwa kama dawa. Wanataka kupanga ghorofa hapa, watu wakae juu wakitazama mto ambao hawajawahi kuweka mguu ndani yake.

Mei 6
Brian, yule kijana wa kuosha magari pale juu, alishuka kuniambia jambo.

"Mathe, nimeskia si wote watatolewa. Wanasema wale kazi yao ni ya mto wataachwa."

"Nani amesema?"

"Mafisa. Nimewaosha gari."

"Ukiosha gari la mwalimu unakuwa mwalimu?"

Akaenda zake. Mtoto wa jana anataka kunifundisha mji ambao niliujua kabla hajazaliwa.

Mei 14
Leo nitaandika mrefu, na miguu ingoje.

Alikuja kijana mmoja asubuhi, viatu vya mpira virefu, vipya kabisa, karatasi ya duka bado imeng'ang'ania kwa soli. Kitambulisho kifuani, na mkononi simu kubwa kama kibao cha kukatia mboga. Watu wa afya huvaa koti jeupe. Sikuona koti, nikasema moyoni, mwaka huu wamekuwa werevu.

"Habari ya asubuhi, kina mama."

"Nzuri. Shuka polepole, usije ukalala hapa."

"Naitwa Kipyego. Natoka kwa mipango ya mji. Nina swali moja tu."

Hao wa afya pia huanza na swali moja. Nikakohoa kumwashiria Nekoye, akatoka majini. Wengine wakaona, wakatoka. Waiyego alibaki ndani, ameinua sketi, anakanyaga kama hakuna mgeni.

"Mama," kijana akaniambia, "hii kazi yenu inategemea mto?"

"Mto ni wa ng'ombe. Sisi tunaosha na maji ya mfereji."

"Mfereji?"

"Huoni mtungi?"

Akautazama Shahidi. Akatazama lile rundo la karoti, ambalo Kipkirui alikuwa amemwaga sasa hivi na lilikuwa linanifika kiunoni. Akatazama miguu yetu.

"Na hii maji kwa miguu, Mama?"

"Jasho."

"Jasho, Mama? Na hii baridi?"

"Mimi ni mzee. Mzee anatoka jasho akitaka."

Wanawake wakacheka. Akawauliza mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakasema mfereji, hata Nekoye, ingawa alisema akiangalia chini. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi kuona watu wangu wamefundishika.

Akanirudia. "Mama, fikiria vizuri. Nikiandika mfereji, imeandikwa mfereji."

"Andika. Unaweza, ama nikusaidie?"

Ndipo Waiyego akafungua mdomo wake kutoka majini.

"Wewe kijana! Mimi niandike mto. Mimi naosha na mto, na hata huyo mtungi unaona hapo ni wa kuonyesha watu kama wewe. Anaitwa Shahidi. Hajawahi kuosha karoti hata moja."

Nilitamani maji yambebe.

Kijana hakucheka. Akaniuliza mara ya tatu, kwa upole, kama mtu anayemwinamia mgonjwa: "Sasa, Mama?"

"Huyo ana meno manne na maneno elfu moja. Mimi nimesema mfereji."

Akabonyeza kibao chake, akatuaga vizuri, akapanda. Alipoteleza karibu na mpira wa maji wa Brian hakuna aliyecheka tena, kwa sababu nilikuwa nimemgeukia Waiyego. Niliyomwambia siandiki, nesi ni mtoto.

Mei 15
Imevimba. Siongei na Waiyego.

Mei 19
Imevimba. Siongei naye.

Mei 27
Mvua. Watu wa afya hawajaja. Waiyego ameleta viazi vya kuchemsha, akawapa wote, akaweka kimoja kwa jiwe langu. Nilimpa kunguru.

Juni 4
Wamebandika tangazo kwa nguzo ya daraja. Macho yangu hayafiki maandishi madogo, basi Brian alisoma kwa sauti, kidole kikipita, na sisi tukiwa chini yake kama vifaranga.

Kumbe ardhi ya mtoni haitapewa wenye ghorofa yote. Mji umekaa ukaona kwamba kuna kazi ambazo haziwezi kufanyika mahali pengine, na ukiziondoa kwa maji zinakufa. Hizo zitabaki. Zitajengewa ngazi za simiti mpaka majini, na tangi la mchanga la kuchuja maji ya mto kabla hayajagusa chakula, na hakuna tajiri atakayezigusa hata akija na gunia la noti. Kazi ambazo si za mto zitapewa nafasi kwa masoko mengine.

Nikasema, "Haya, si ndiyo sisi."

Brian akaendelea. Waoshaji wa magari, mto. Wenye vitalu vya miche, mto. Hoteli ya Lawrence, mto.

"Lawrence?" nikasema. "Lawrence anategemea mto na nini? Kutupa mifupa?"

"Ameandika ako na mashua, Mathe."

Mashua. Kwa Sosiani, ambayo mbuzi huvuka akila.

"Waoshaji wa karoti," Brian akasoma, "Waiyego. Mto." Akageuza karatasi. "Mathe, wewe uko hapa nyuma."

"Nyuma ni wapi?"

"Kwa soko ya Kapsoya. Nyinyi wengine wote. Wamesema nyinyi ni watu wa mfereji, na kwa soko ya huko kuna mfereji."

Hakuna aliyeniangalia. Hilo ndilo lililoniuma, wote waliangalia mto.

Juni 5
Sijaangalia miguu.

Juni 9
Nilienda ofisini. Nilivaa kitambaa cha kanisa. Kipyego alinipa kiti mwenyewe, akaniletea chai, na hiyo ilinikasirisha zaidi. Mtu mbaya unajua utamfanya nini.

"Mama, nilikuuliza mara tatu."

"Ungesema kwa nini unauliza!"

"Ningesema, kila mtu angekuwa wa mto. Hata fundi wa viatu angeniambia analoweka ngozi."

"Lawrence amekuwa wa mto."

Hapo alikunywa chai yake.

"Mama, mimi niliona miguu yenu. Lakini siwezi kuandika miguu. Naandika kile mtu amesema. Sasa, tarehe kumi mwezi wa saba kuna kikao kwa ukumbi, cha watu wote. Kila mmoja wenu akisimama aseme na mdomo wake, 'Mimi naosha na maji ya mto,' nitambadilisha. Ngazi ya karoti bado iko na nafasi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Ni kikao cha watu."

"Na wale wa afya?"

"Watakuwepo. Hawatashika mtu, ndio maana tunajenga tangi. Ni neno moja tu, Mama."

Kila mtu ananiambia ni neno moja. Mji huu wote umekula karoti zangu ukiamini neno lingine. Mama Mchungaji huchukua kwangu kila Jumamosi za chakula cha kanisa, na huwaambia wengine, "Nendeni kwa Mama Khisa, yeye hutumia maji safi." Huyo naye nitamwambia neno moja?

Juni 10
Imevimba sana. Nekoye ameniuliza, "Mama, utasema?" Nikamwuliza amekuwa polisi tangu lini.

Juni 16
Imevimba. Nekoye anasugua karoti kwa nguvu siku hizi. Mara ya kwanza nimeona anajua kuosha.

Juni 27
Mto ulijaa usiku. Asubuhi tulikuta mashua ya Lawrence, ile ya plastiki yenye shingo ya bata, imenaswa chini ya daraja, imepinduka, na Lawrence mwenyewe yuko ukingoni na suti anaita wafanyakazi wake. Hakuna aliyejua kuogelea.

Waiyego akapaza sauti: "Bwana Lawrence, kazi yako si ni ya mto? Ingia!"

Nilicheka mpaka nikashika jiwe. Naye alicheka. Tulikuwa tumecheka kitambo kabla sijakumbuka kwamba hatuongei.

Alipoona nimekumbuka akasema upesi, "Mama Khisa, hiyo tarehe kumi usiogope. Mimi nilisema na sikufa."

"Wewe huna jina la kupoteza," nikamwambia.

Aligeuka, akarudi kwa gunia lake. Nilikuwa sitaki lisikike hivyo. Lakini lilishasikika.

Julai 3
Imevimba.

Julai 8
Nekoye amepiga nguo zangu pasi, zile za kanisa, bila kutumwa. Naona anavyonipanga.

Julai 10
Nitaandika jinsi ilivyokuwa, mwanzo mpaka mwisho, ili mtu asije akanisimulia vingine.

Ukumbi ulijaa. Lawrence mbele, wale wa miche, Brian na vijana wake, wa afya na makoti yao. Na kwa mstari wa tatu, Mama Mchungaji. Alikuja kutuunga mkono, alisema. Alinipungia mkono.

Kipyego alizungumza vizuri. Alisema mji usipolinda kazi za mtoni, kesho mto utakuwa picha ya kutazamwa na watu wanaokunywa kahawa. Watu walipiga makofi. Lawrence alipiga zaidi ya wote.

Halafu akasema, "Kuna kina mama wa karoti wangependa kurekebisha kitu. Mama Khisa."

Wakanipa maikrofoni. Nilisimama. Nilikuwa nimeliweka lile neno tayari mdomoni, Mungu ananiona, nilikuja nalo kutoka nyumbani nikilishika kama yai. Nikamwona Mama Mchungaji amegeuza kichwa ananitabasamia, na kwa mapaja yake ule mfuko wa kiondo anaobebea karoti zangu.

Nikasema, "Karoti zangu ni safi. Zimekuwa safi tangu wengi wenu hamjazaliwa."

Kipyego akangoja. "Na maji, Mama?"

"Nimesema ni safi."

"Maji ya wapi, Mama?"

"Ya mfereji," nikasema, na nikakaa.

Nilisikia kiti kikisogea kando yangu. Nikadhani Nekoye anaenda nje. Kumbe amesimama. Hakuomba maikrofoni, wala hakuniangalia.

"Mimi naitwa Nekoye, mke wa marehemu Khisa. Mimi naosha karoti na maji ya mto. Hata Mama anaosha na maji ya mto. Nilisema mfereji kwa sababu Mama alisema mfereji, na Mama akisema, sisi huwa tunasema. Lakini watoto hawawezi kukula mfereji wa Kapsoya."

Ukumbi wote ulifanya sauti moja, kama maji yakimwagwa. Mama Mchungaji aliangalia mfuko wake. Mkwe wangu, ambaye katika miaka yote hajawahi kuniketia mbele wala kunijibu, amenivua nguo mbele ya jiji.

Waiyego alikuwa amesimama tayari. "Huyo nitakaa naye kwa ngazi yangu! Mimi na yeye!"

Wengine wakaanza kuinuka, mmoja, mwingine, "Mto," "Mimi pia mto," na Kipyego akiandika haraka haraka. Nafasi zilipobaki moja akaniangalia.

"Mama Khisa. Bado iko."

Watu wote waligeuka. Ningesema. Lakini sasa ningesema baada ya kusemewa, kama mtoto anayelazimishwa kuomba msamaha na mikono imeshikwa nyuma. Nikajibu, "Nimeshajibu. Mimi si redio."

Nafasi ilichukuliwa na msichana aliyekuja ukingoni juzi wakati wa Pasaka.

Julai 11
Sikukula ugali wake.

"Ugali imepoa, Mama."

"Wacha ipoe."

Julai 12
Nimekula. Njaa si ya kuonyesha mtu.

Julai 21
Nekoye anaanza kwa ngazi mpya. Aliuliza mlangoni, sauti ndogo, "Mama, nibebe gunia la kukanyagia?"

"Beba. Shahidi niachie."

Alitaka kusema kitu. Nikamwambia karoti hazitajiosha.

Lile jiwe wamelivunja kuweka msingi wa ngazi. Nimesikia kwa Brian. Sikuwa na haja ya kwenda kuona.

Agosti 4
Niko Kapsoya. Ndani ya soko nimepewa meza, paa la mabati, na juu yake kibao kipya cha bluu: MAJI SAFI YA MFEREJI. Mfereji wenyewe uko hatua chache. Umetoa maji vizuri. Miguu imevimba kidogo.

Agosti 7
Mfereji umekohoa upepo, ukatoa kutu, ukanyamaza.

Agosti 11
Umenyamaza. Kipkirui ameniletea gunia la karoti na udongo wake wote wa Timboroa. Nimefuta kwa kitambaa. Karoti iliyofutwa kwa kitambaa inafanana na kidole cha maiti. Hakuna aliyenunua.

Agosti 13
Elphas wa boda boda amekuja na gunia limefungwa nyuma. "Shosho, umetumiwa na Nekoye."

Karoti. Zimeoshwa, zinang'aa, zimepangwa vichwa upande mmoja jinsi nilivyomfundisha. Nilizishika. Amekanyaga vizuri, hakuna hata moja iliyovunjika.

Nikamwambia Elphas azirudishe. Mimi siuzi karoti iliyokanyagwa na mguu wa mtu mwingine. Na kwa hasira nikamfungia Shahidi juu yake, mtupu, ili Nekoye aone maji ya Kapsoya yalivyo.

"Na nimwambie nini, Shosho?"

"Mtungi utasema."

Agosti 14
Elphas amerudi kabla meza hazijafunguliwa. Shahidi amekaa nyuma ya pikipiki kama abiria, amefungwa kwa mpira, amejaa mpaka kizibo kinalia.

Nilifungua. Si maji ya mfereji. Mtu aliyesimama ndani ya maji fulani umri wake wote anayajua kwa pua. Chini kulikuwa na mchanga mwembamba wa tangi.

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Yule mwingine wa meno kidogo ndiye amesema. Ati, 'Mwambie Shahidi amekuja kortini.'"

Nikamwambia Elphas aondoke na kicheko chake. Halafu nikamwaga nusu kwa beseni, nikaosha karoti kwa mikono, kwa kuwa hakuna mahali pa kukanyaga. Ziling'aa. Nikauza.

Jioni nilimrudishia Elphas mtungi.

Agosti 15
Umekuja umejaa.

Agosti 18
Umekuja. Nekoye nyumbani hasemi juu yake, na mimi sisemi. Nimeona vidole vyake vimekuwa vya rangi ya karoti mpaka kwenye kucha, na jioni anakaa chini akisugua vifundo vya miguu. Nilimwekea maji ya moto na chumvi. Nikamwambia ni ya kuoshea sufuria, yalibaki.

Agosti 29
Umekuja. Mama Mchungaji hajanunua kwangu tangu kile kikao. Nasikia siku hizi anaenda kwa ngazi, kwa Waiyego, kwa sababu huko kuna tangi na mtu anajua anachokula.

Septemba 2
Kliniki. Nesi Chepkorir alifungua hiki kitabu akasoma ya mwisho mwisho tu, akashika miguu yangu, akabonyeza. Kidole hakikuacha shimo.

"Mama, umeona? Uvimbe umeisha! Nilikuambia utoke kwa hiyo maji baridi ukakataa. Sasa umefanya vizuri."

Nikamwambia asante.

Septemba 9
Leo wamekuja watu wa afya. Koti jeupe kabisa, la kweli, na kijana ndani yake. Alipita meza zote akifoka, huyu beseni chafu, yule matambara. Alipofika kwangu akaona Shahidi amesimama mahali pake, akafungua, akanusa, akatia kikombe, akatazama maji kwenye mwanga. Lile tangi la Kipyego linachuja, lazima niseme.

"Maji ni ya wapi, Mama?"

Nilikuwa nimeinama. Nikainuka nikamtazama usoni.

"Ya mto."

Akacheka. "Mama, mto uko wapi hapa sokoni?"

"Sosiani. Inakuja kwa boda boda."

Akacheka mpaka akamwita mwenzake. "Kuja usikie huyu shosho. Ati maji yake inapanda boda." Kisha akainua macho kwa kile kibao cha bluu, akashusha kwa kitabu chake, na nikaona mkono wake ukiandika. Neno fupi kama "mto" halikuwa.

"Kijana, nimekuambia ya mto."

"Sawa, Mama, sawa." Akawageukia wale wengine kwa meza zao. "Mnaona huyu mzee? Mtungi safi, kizibo safi, maji ya mfereji. Hivi ndivyo tunataka."

Wakanitazama wote. Alinunua karoti, akala moja hapo hapo bila kupangusa, akaenda.

Miguu haijavimba.